Muhogo Uliooshwa

Juzi sokoni Ngamiani nilimkuta muuzaji mgeni ameiosha mihogo yake mpaka inang'aa. Bibi mmoja akaja, akaugeuza muhogo mmoja, akaurudisha.

"Shikamoo, bibi," muuzaji akasema. "Huo umetoka Pongwe, kwenye udongo wa kichanga."

"Marahaba. Nitajuaje, mwanangu, na udongo umeuosha wote?"

Akasogea meza ya jirani, akakwangua udongo ulioganda kwenye muhogo, akaufikicha vidoleni. "Huu ndio wa kichanga. Maji hayakutuama shambani. Utaiva upesi." Akajaza kapu.

Nasikia Wazungu huandika jina la shamba kwenye chupa ya divai. Kwetu lebo ni udongo wenyewe.

Mimi nikamhurumia yule mgeni, nikanunua yake. Jana nyumbani ilichemka tangu asubuhi bila kulainika. Adhuhuri, huku tukicheka, tuliitafuna kama miwa.