Wanaume wa Rika Walionipa Damu

Mimi naitwa Nasieku, wa Olbalbal. Wengine mnanitazama kiuno na kucheka, nawaona. Chekeni tu! Unene huu nimeupigania, na nyie akina mama mliokuja kliniki leo ndio nataka mjue niliupataje.

Zamani nilikuwa mwembamba, mwenye mbio. Nachota maji mbali, nakamua ng'ombe, silalamiki. Watoto wangu wawili wa kwanza nilijifungulia nyumbani, mikononi mwa mama mkwe wangu. Tunamwita Yeyo, yaani mama. Olbalbal nzima inamjua kwa kuzalisha. Mkono wake mwepesi, ila mdomo wake, weee!

Nyie Wairaqw na Wanyaturu mlioko hapa labda hamjui mila yetu. Kwetu mimba ikikua, mama anapunguziwa chakula. Maziwa hapana, nyama hapana, mafuta hapana. Anakunywa maji na uji mwepesi, na akizidisha anapewa supu ya mizizi michungu atapike. Msicheke, ilikuwa na akili yake. Mtoto mnene akikwama njiani, na hospitali iko mbali, mama amekwisha. Kwa hiyo kumnyima mjamzito ni kumpenda. Mimba ya tatu Yeyo alinipenda hivyo, na mimi nikatii kwa kujivuna, kwa sababu kwetu mwanamke anayelilia chakula anachekwa.

Ila mwaka ule ulikuwa wa ukame, hata kabla ya mimba nilikuwa sijashiba. Tumbo lilipokua, moyo ukawa unanidunda nikisimama tu. Miguu ikavimba, ukiibonyeza inabaki shimo. Ulimi ukawa mweupe. Nikaanza kutamani majivu, nikawa nayalamba jikoni kwa kujificha. Nilipokwenda zahanati, nesi alinivuta kope ya chini, akaguna.

"Dada, huna damu. Usithubutu kujifungulia nyumbani. Nenda Karatu ukasubirie huko."

Yeyo alipandwa na hasira. "Nimezalisha mpaka wajukuu wa watu, leo nishindwe na mkwe wangu?"

Mume wangu Saitoti mbele ya mama yake huwa hana neno. Siku hiyo alilipata. "Yeyo, tunakwenda wote," akasema. Basi tukapanda milima ya kreta, tukateremkia Karatu, Yeyo amenuna njia nzima.

Uchungu ulinishika asubuhi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sitawachosha. Niliuma meno, sikutoa sauti. Mkunga akaniambia, "Lia tu mama, hapa hakuna wa kukucheka." Nikamjibu, "Wewe zalisha." Mtoto akatoka upesi, wa kike, mdogo, anapiga kelele kama mwenye nyumba. Kondo la nyuma likafuata. Yeyo akaruhusiwa kuingia kumwona, akatabasamu. "Si niliwaambia? Mtoto mdogo hana shida."

Na kweli, mtoto hakuwa na shida. Nilisikia joto mapajani. Nikadhani ni mkojo, nikaona aibu. Kumbe ni damu, inatoka na mabonge, shuka zimeloa mpaka inadondoka sakafuni. Mkunga akanikanda tumbo kwa ngumi, akanichoma sindano, akamwita daktari kwa sauti. Nikamsikia daktari akisema, "Kizazi hakibani. Na huyu hakuwa na damu ya kupoteza." Masikio yakavuma. Baridi ikanipanda kutoka miguuni. Mwanangu alikuwa analia hapo hapo, lakini mimi nilimsikia kwa mbali sana. Nikajua nakufa, na niliogopa, jamani. Nikawaza, nani atamnyonyesha?

Yaliyofuata nimesimuliwa. Walifanikiwa kuikata ile damu, ila mwilini nilibaki mtupu. Damu ya kundi langu haikuwepo ya kutosha, na ya Saitoti haikulingana na yangu. Daktari akamwambia atafute watu haraka. Saitoti akawapigia simu wanaume wa rika lake wanaolinda hoteli za watalii hapa Karatu. Walikuja wote na marungu yao na shuka nyekundu, mpaka wagonjwa wakadhani kuna vita.

Wanaume hao wamefukuza simba. Kuona sindano, wakarudi nyuma! Mmoja akauliza, "Mkinitoa damu, nguvu ya kulinda nitaipata wapi?" Mwingine akakumbuka ghafla kwamba tajiri wake anamsubiri.

Yeyo akasimama mlangoni, akawazibia njia.

"Kwetu mwanamke akijifungua, anapewa nini?"

"Damu ya ng'ombe, Yeyo."

"Na ng'ombe akipigwa mshale wa shingo atolewe damu, anakimbia?"

"Hakimbii, Yeyo."

"Basi leo daktari ameikataa ya ng'ombe, anataka ya mwanamume. Au hapa hakuna?"

Lemayian ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, wenzake wakafuata. Mmoja alizimia kabla hajaguswa, na mpaka leo wenzake wanamtania. Yeyo naye akakunja nguo, akatoa mkono wake. Nesi akamwambia kwa upole, "Bibi, umri wako hauruhusu." Hapo yule mama, ambaye sijawahi kuona chozi lake, alikaa chini sakafuni akalia. "Mimi ndiye niliyemnyima," alisema. "Chukueni yangu."

Nilirudi taratibu. Kwanza vidole vikapata joto, halafu nikasikia njaa, njaa kali ya kweli. Yeyo akaninywesha supu, akanilisha na maini. Nikala mpaka nesi akacheka.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi na madaktari, nalishukuru rika la mume wangu. Binti yangu Nashipai sasa anakimbiza mbuzi. Najivunia kwamba nilipigana, na najivunia Yeyo kuliko wote, kwa sababu kubadilika uzeeni si kazi ndogo. Vidonge vya damu vimezeni, msiwape kuku. Hospitali nendeni mapema, na mume aje na watu wake.

Sasa, nani hapa ana mimba na nyumbani amekatazwa kula? Nyoosha mkono, usione aibu. Yeyo yuko pale nje na kibuyu cha maziwa, na anayemimina ni yeye mwenyewe.