Duara Jekundu Juu ya Ofisi Yetu

Aibu hii naisema kwa uchovu, sina nguvu ya kujitetea. Ofisini kwetu Goma tulitafuta fundi mkuu wa kutengeneza ramani ya kompyuta, ionyeshe wakimbizi wa vita wako wapi, unga uwafikie. Papa mmoja, mzee fundi wa mji wa Kiwanja, akaleta ramani ya majaribio, kwa fishi zetu wenyewe, zile fomu za kuandikisha wakimbizi. Duara jekundu la wakimbizi lilimeza ofisi yetu. Kambini Munigi, walikojaa, hakuna mutu.

Nikamcheka. “Papa, wanalala chini ya meza yangu?”

Akabonyeza duara, fishi zikafunguka, zote na alama ya ofisi yetu. Ndipo nikakumbuka: nikichoka kutafuta majina ya kambi, nilikuwa nabonyeza kitufe cha “hapa nilipo”, nami nimekaa mezani ofisini.

Kila fishi, aliyejaza ni mimi. Mkubwa wetu akachungulia uwanja mtupu dirishani.

“Basi, mama, uwapikie.”