Punje ya Tano

Kazi yangu ni kuzisaidia familia zipime umaskini wao wenyewe, kisha zichague lengo. Huwa naanza na punje za mahindi: kila anayekula kwenye sufuria ya nyumba anawekewa moja sakafuni.

Katika kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo huko Geita, mama mmoja mwenye watoto watatu aliweka punje tano. Nilidhani anaongeza vichwa ili apate msaada, nikakasirika.

"Mama, huyu wa tano yuko wapi?"

"Ni baba yao," akasema, akiipapasa sakafu ya udongo. "Duara liliporomoka, hawakumtoa. Njia aliyokuwa anachimba inapita hapa chini ya nyumba."

Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Nikakimbilia lengo: nikamshauri waweke sakafu ya saruji, watoto waache kukohoa vumbi.

"Tukimwaga saruji," akauliza kwa upole, "akipanda atatokea wapi?"

Nikainama niokote punje zangu niondoke. Nne zilikuwa zimetulia. Ile ya tano, aliyoiweka peke yake katikati ya chumba, ilikuwa inatetemeka. Nje hakukuwa na mashine wala pikipiki, hata upepo.

"Msalimieni baba yenu," mama akawaambia watoto.

Wakainamia sakafu wote. "Shikamoo, baba."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikatega sikio nisikie marahaba.