Mkate Chini ya Kitambaa cha Pombe

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Ntate Lebusa Phakoana hataki mtu amnyang'anye cheo hicho.

"Andika hivyo hivyo," ananiambia huku akikunja mikono ya sweta. "Mjinga nilikuwa mimi. Wenzangu walikuwa na kiu tu."

Ni asubuhi ya mwezi wa sita. Hapa kijijini Ha Ramokoatsi, juu milimani Lesotho, maji ya ndoo yameganda na mbwa hawajaona sababu ya kubweka. Ntate Lebusa, yaani Mzee Lebusa kwa Kisotho, mchimba dhahabu wa zamani mwenye miaka sitini na tatu, amepiga magoti mbele ya beseni kama mtu anayetubu. Anatia maji ya uvuguvugu, sukari kidogo na kijiko cha hamira. Kisha anatulia na kutazama.

Povu linapoanza kupanda, uso wake unakunjuka.

"Huyu yuko hai," anasema.

Anamimina unga, anakanda. Mikono hiyo ilishika mashine ya kutoboa miamba kule Welkom, Afrika Kusini, kwa zaidi ya miaka ishirini, na donge la ngano halina ubavu wa kubishana nayo. Likishalainika analifunika kwa kitambaa cheupe, analibeba na beseni lake hadi kitandani, analilaza upande wa ukutani. Analifunika tena kwa blanketi la sufi, zito, na kulichomekea pande zote, taratibu, asije akaliamsha.

Kwa baridi ya huku, kila nyumba huumulia mkate ndani ya blanketi. Hilo si jambo geni. Ila upande ule wa ukutani alikuwa akilala 'Matlalane, mkewe. Sasa unalala mkate.

"Angalau una joto," anasema, halafu anakwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

'Matlalane alifariki mwaka jana, majani yakipukutika kabla ya baridi. Miaka yote ambayo mumewe alikuwa chini ya ardhi ya watu, yeye ndiye aliyeoka. Ntate Lebusa alikuja Krismasi, akala, akasifu, akapanda basi. Kampuni ilipompunguza kazi na kifua chake kikiwa kimejaa vumbi, alirudi moja kwa moja. Wakapata majira mawili tu ya baridi pamoja.

"Mke wangu nilimjua kwa likizo," anasema. "Nilipoanza kumjua kwa kudumu, akaondoka."

Mkate wake wa kwanza aliuoka wiki chache baada ya maziko. Unga ulikuwepo, hamira ilikuwepo, na maarifa aliyadhani yapo. Aliona kwamba ikiwa yeye mwenye sweta mbili anatetemeka, hamira nayo lazima inaumia. Kwa huruma akaimiminia maji yaliyochemka.

Ukatoka tofali. Alimtupia mbwa wake kipande. Mbwa akakinusa, akamwangalia usoni kwa muda, akaenda kulala kwa jirani.

Alipata jibu kwa kukumbuka. Alikumbuka kwamba mkewe alikuwa akidondosha maji kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuyatia hamira, kama anayepima maziwa ya mtoto. "Nilimwona akifanya vile mara nyingi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilikuwa nasubiri kula."

Siku hizi anaoka mara mbili kwa wiki, katika chungu cha chuma cha miguu mitatu, makaa ya samadi kavu chini na mengine juu ya kifuniko. Mkate mmoja ni maloti kumi na tano, fedha ya huku. Wanunuzi ni walimu wa shule ya msingi na wachunga mifugo wachache, tena hutuma watoto, nao watoto huchukua na kukimbia. Kinachopatikana kinarudi dukani kwenye unga, hamira na mafuta ya taa. Theluji ikifunga barabara, hamira ya dukani haipatikani, kwa hiyo huweka bonge la unga wa juzi kwenye mtungi, likae likichacha, aanzie hapo.

Binti yao, Tlalane, anashona suruali kiwandani Maseru. Hana chumba kikubwa, lakini ameshasema: mwisho wa mwezi huu anakuja na gari dogo la kukodi kumchukua baba yake, kitanda na chungu.

"Ntate, huko unaongea na beseni," alimwambia kwenye simu.

"Beseni halinikatizi maneno," baba akajibu.

Akacheka, binti hakucheka. Mwishowe wakapatana. Kabla gari halijafika, akitokea mtu wa kumbishia hodi kwa sababu ya kumtaka yeye, si mkate wake wala kuazima mafuta yake ya taa, gari litarudi tupu. Asipotokea, atapanda bila ubishi.

Ndipo likaja suala la kitambaa.

Vijiji vya huku havihitaji vibao vya biashara. Mwenye kuuza hufunga kitambaa kwenye mti mrefu: kijani ni mboga, chekundu ni nyama, cheupe ni pombe ya mtama. Mtoto hujua rangi hizo kabla hajajua jina la babu yake. Ntate Lebusa amezaliwa hapa. Anazijua.

Lakini Jumanne moja alikifua kitambaa chake cha kufunikia unga, kilichogandiwa na unga hata kikawa kama kiatu. Cha kwanza alikuwa amekianika ukutani na mbuzi akakila. Hiki akaona akifunge juu, kwenye mlingoti wa antena ya zamani, upepo ukikaushe. Akaingia ndani, roho safi.

Haukupita muda, farasi wakasimama nje. Wanaume watatu wakaingia uani, mablanketi yamebanwa mabegani kwa pini, wakavua kofia na kuketi juu ya mawe. Mkubwa wao alikuwa Ntate Qhobela, wa kijiji cha juu.

Ntate Lebusa akawatazama kutoka mlangoni. Wamekuja kumpa pole, aliwaza. Wamechelewa mwaka mzima, lakini wamekuja.

"Ndugu zangu," akawaambia, "nilidhani mmenisahau. Marehemu angefurahi sana kuwaona."

Wale watatu wakaangaliana. Mmoja akainamisha kichwa. Ntate Qhobela akakohoa, akapapasa chini ya blanketi lake, akatoa kopo la lita moja.

"Pole sana, Ntate," akasema. "Kwa kweli pole. Sasa... unalijaza kwa bei gani?"

"Nalijaza nini?"

"Usitufiche, mzee mwenzangu, hiyo harufu mpaka barabarani tumeinusa!"

Harufu ilikuwa ya unga ulioumuka kupita kiasi kule kitandani. Ntate Lebusa akainua macho, akaona kitambaa chake kikipepea juu kabisa, cheupe, na bonde zima likikitazama. Alicheka mpaka kifua kikamkamata, ikabidi Ntate Qhobela ampige mgongoni. Siku hiyo mkate ulitoka chunguni ukaliwa wa moto, bila chai, na wale watatu wakakaa mpaka mchana wakibishana kuhusu farasi na kuhusu ni shimo gani la Welkom lilikuwa na joto kali zaidi.

"Nyumba ilikuwa na sauti," anasema.

Wiki iliyofuata kitambaa kilifuliwa tena.

Kilikuwa kichafu? namuuliza.

"Kidogo."

Na wiki iliyofuata hiyo. Mara hii, anakiri, hakikuwa kichafu hata kidogo. Leo pia kiko kingine juu ya mlingoti, kikubwa zaidi, kipande cha shuka.

Ana mpango wake. Anataka kujenga tanuri nyuma ya nyumba, pipa lililokatwa nusu na mawe ya kuzunguka, liingize mikate minane kwa mkupuo, na liwe tayari kabla baridi haijaisha. Mawe ameshaanza kuyakusanya. Lakini tanuri halijengwi na mtu aliyepanda gari kwenda Maseru, na hilo analijua.

Tunapozungumza, mlango unasukumwa. Ni 'Mamokhele, mpika pombe, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya zizi. Amefunga kanga ya kazi kiunoni na uso wake hauna salamu.

"Ntate Lebusa, nguo yako haijakauka?"

"Bado, Mme," anajibu, akimwita mama kwa Kisotho. "Jua la siku hizi jembamba."

"Tangu juzi?"

"Ni shuka zito."

"Zito! Wateja wangu wanapanda mlima na kiu yao, wanakukuta wewe na mikate. Jana Qhobela kafika kwangu tumbo kama ngoma, kanywa nusu kopo, kasinzia. Unataka nile nini mimi, cheko lako?"

"Basi nitafunga cha bluu. Bluu iwe mkate."

"Bluu watadhani umefungua kanisa."

Ntate Lebusa anacheka. Mwenzake hacheki. Kicheko kinaishia njiani na mzee anaketi ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya blanketi lililofunika beseni.

"Mme, wewe huwezi kulielewa hili," anasema. "Kwako kumejaa kila siku. Mimi gari linakuja mwisho wa mwezi. Kile kitambaa ndicho kinachoniletea watu."

"Wale watu? Kopo likikauka wanaondoka sijamaliza hata kuosha vikombe. Sijawahi kuulizwa nimelalaje."

"Lakini wanaingia! Kwangu mwaka mzima hakuna aliyeingia. Kijiji chote kilinitupa, Mme. Chote. Sasa nibaki hapa kwa ajili ya nani?"

'Mamokhele anatazama blanketi lilivyochomekewa, kisha anamtazama mwenye nyumba. Anapojibu, sauti yake imeshuka.

"Mume wangu, baba yake Mokhele, nimemzika, huu mwaka wa nne. Kati ya mlango wako na wangu kuna zizi moja tu. Wewe unayehesabu waliokutupa, Ntate, hodi kwangu ulipiga lini?"