Hariri Nyeupe ya Ittoop

Fundi Ittoop alishona nguo Manama, mji wa Waarabu, miaka thelathini na miwili, katika kichochoro nyuma ya soko la dhahabu, na hapakuwa na dini mjini ambayo hakuipima mabega. Kanzu za Waarabu alishona yeye, majoho ya mapadri yeye, na Muharram, mwezi wa maombolezo wa Mashia, ilipokaribia duka lilijaa nguo nyeusi mpaka mtu akose pa kuweka mguu. Kwa Kusumben, mke wa sonara wa Kigujarati, alishona nguo za mungu wa hekalu lao, ndogo kama za mtoto wa mwaka mmoja, maana mungu yule hubadilishwa nguo kila siku. Sharti lilikuwa moja: siku za kuzishona fundi asile samaki wala nyama. Ittoop alikuwa Mkristo wa Kerala, Mhindi wa pwani, mtu wa samaki tangu tumboni mwa mamake, lakini alilitimiza. Alisema kila kazi ina adabu yake.

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Daftari la waumini la kanisa la Wamalayali, watu wa Kerala, lilishikwa na mzee wa kanisa aitwaye Poulose, mtu aliyeona kila imani isiyo yake ni uchafu. Aliposikia habari za zile nguo za hekalu hakumwita Ittoop amuulize. Kanisani kwao amani hugawiwa viganjani: padri humpa mzee wa kanisa, mzee huifumbata mikono ya aliye mbele yake, naye hugeuka akampa wa nyuma, hivyo hivyo mpaka mlangoni. Ijumaa moja, maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, Poulose akampita Ittoop kana kwamba pale pana nguzo, akampa mtu wa safu ya pili. Ittoop alibaki amenyoosha mikono mbele ya watu mia tatu. Wiki iliyofuata jina lake na la mkewe yakafutwa daftarini.

Hilo angelimeza. Lakini miezi miwili baadaye mkewe, Eliswa, akafa kwa ugonjwa wa moyo. Mwili ulipofika Kerala, padri wa kijijini alitaka barua kutoka kanisa la Manama, na Poulose akaandika mstari mmoja: huyu hayumo katika daftari letu. Eliswa alikuwa amedarizi vitambaa vya altare kwa mkono wake miaka na miaka, wala hakuomba hata asante. Akazikwa bila sala, kwenye pembe ya makaburi wanayoiita pembe ya wenye dhambi.

Nakala ya barua ile Ittoop aliilaza chini ya kioo cha meza yake ya kukatia, na kwa miaka tisa kila kitambaa alichokikata kilipita juu yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimwombea Poulose mabaya. Sisemi alikuwa mtakatifu. Haji Abdulredha, mwenye nyumba, alimwonya kwamba chuki ile ingemuua kabla ya adui yake.

"Haji, hii ndiyo inayoniamsha," Ittoop akamjibu. "Bila hii ningeshalala zamani."

Mwaka wa tisa Poulose akamwoza Tresa, binti yake wa pekee. Alitazama kalenda akaona siku mbili za mapumziko, akasema vizuri, wageni hawatakuwa kazini. Watu walimnong'oneza kwamba hiyo ni Ashura. Akasema Ashura ya watu haimhusu. Padri naye alikuwa mgeni, hana hata mwezi mjini. Basi mtu aliyekaa Manama miaka ishirini, kwa dharau tu, hakujua kwamba siku hiyo soko hufungwa lote, barabara hujaa waombolezaji, na gari halipiti.

Na Mungu si Athumani. Asubuhi ya harusi Tresa akaivaa blauzi ya sari iliyoletwa kutoka Kottayam, kwao Kerala, ikakataa kufunga mgongoni kwa vidole vinne. Zilikuwa zimebaki saa tatu kabla ya misa. Mafundi wote walikuwa wamefunga, na Ittoop pia, kwa heshima ya majirani. Ila yeye alilala juu ya duka lake, na kila mtu alijua.

Poulose alikuja kwa miguu, akipenya katikati ya watu waliovaa nyeusi, yeye na suti yake ya harusi na ua kifuani, mfuko wa plastiki mkononi. Haji Abdulredha alikuwa mlangoni akiwamiminia waombolezaji chai. Alilitazama lile ua kwa muda.

"Bwana, leo umekuja kutuchezea ngoma?" akamuuliza.

Poulose akaling'oa, akalitia mfukoni, akaingia dukani.

Alimkuta Ittoop amekaa kwenye cherehani kama aliyekuwa akimngoja. Akaeleza yote kwa haraka, akamaliza kwa kusema, "Fundi, ni mtoto tu. Hana kosa lolote."

"Eliswa alikuwa na kosa gani?"

Ittoop akainua kioo, akaitoa ile barua, akaiweka mbele ya Poulose pamoja na karatasi tupu.

"Mwaka ule uliandika mstari mmoja. Leo andika mingi. Andika kwamba ulimwonea, kwamba alikuwa muumini kuliko wewe, atolewe pale alipo na asaliwe. Kisha uisome mwenyewe kanisani, kabla ya misa, wageni wote wamekaa."

"Nisome habari za maiti kwenye harusi? Huo ni mkosi, kaka Ittoop. Mwanangu aanze ndoa na jeneza?"

"Yangu ndivyo ilivyoisha."

Wakati Poulose anaandika, Ittoop alifumua mishono. Fundi wa Kottayam alikuwa bahili, hakuacha akiba ya kitambaa hata ukucha. Hariri nyeupe iliyokuwamo dukani ilikuwa moja tu, ya mungu wa Kusumben. Ittoop akampigia simu kuomba ruhusa, naye akasema mpe mtoto, harusi ni harusi. Poulose aliposikia ni hariri ya nani alifumbua mdomo, akaitazama saa, akaufumba. Ittoop aliishona ile hariri polepole, akihakikisha Poulose anaiona.

Kanisani, Tresa alisubiri katika chumba cha pembeni amejifunika shali. Ittoop alikaa safu ya mbele, mahali pake pa zamani, blauzi imo mapajani kwenye gazeti. Poulose akasoma. Alipofika kwenye jina la Eliswa akashusha sauti, Ittoop akamwambia asome tena, kwamba yeye hakusikia. Akasoma tena. Wanawake waliziba midomo. Mama mzazi wa bwana harusi alitaka kutoka, akashikwa mkono. Padri, aliyeduwaa, akaipiga barua mhuri ili kijijini isikataliwe; mhuri ulipokauka Ittoop akaitia barua mfukoni, ndipo akalitoa gazeti lile.

Blauzi ilimkaa Tresa kama ngozi yake. Ndoa ikafungwa.

Ikaja saa ya amani. Poulose aliipokea kwa padri, akashuka, macho mekundu, akasimama mbele ya Ittoop kabla ya mtu mwingine yeyote, akanyoosha mikono yote miwili. Nyuma ya Ittoop bibi yake Tresa, kikongwe, alikuwa ameshakunjua viganja kupokea, na nyuma yake kanisa zima.

Ittoop akatia mikono mfukoni, akaishika barua.

Poulose akangoja. Watu wakangoja. Mikono ya bibi ikachoka, akaishusha. Siku hiyo amani haikupita safu ya mbele.

Eliswa angemkanya mumewe kwa hilo, tena kwa ukali. Lakini Eliswa hakuwepo kumkanya.