Koti la Kukamulia

Siku moja naikumbuka kila nionapo maziwa, mwanangu, na mpaka leo sijaielewa vizuri. Pengine wewe uliyesoma utanielewesha.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa, hapa Bukiriro, nyumba zimepangwa mstari, ukipiga chafya kila jirani anajua. Mume wangu alikuwa mgambo, akachukuliwa kwenda vitani. Aliniachia mtoto mchanga, mama yake, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Na kwetu Wahangaza, enzi hizo, mwanamke hakamui. Kufagia zizi, sawa. Kuosha vibuyu, sawa. Kukamua, mwiko.

Mzee jirani alitukamulia mpaka mgongo ukamlaza kitandani. Asubuhi ile ng'ombe analia, kiwele kimejaa. Mtoto analia, kifua changu kimekauka. Nikasimama kati yao kama mjinga. Mwishowe nikanyoosha mkono.

"Wewe, mkamwana!" Mama mkwe huyo mlangoni. "Unataka kumuua mwanangu huko vitani?"

Nikaanza kulia na mimi. Akamtazama mjukuu wake, akaingia ndani. Akatoka na koti la mume wangu, akanivisha, akanifunga vifungo mpaka shingoni.

"Haya, kamua. Bana kwa juu, ushushe vidole. Usivute."

Alijulia wapi? Sikuthubutu kuuliza. Muda wote wa vita nilikamua na koti lile. Mtoto akanenepa, na wazee wa kiume wakipita wakinisalimia kwa adabu niliyokuwa siijui.

Mume wangu aliporudi tulipiga vigelegele. Kesho yake nikashika chombo cha kukamulia. Mama mkwe akanipokonya.

"Mwanamke hakamui."

"Mama, jana nilikuwa nani?"

"Jana ulikuwa na koti."

Alisema taratibu, macho chini. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja. Mwiko uliwekwa na wanaume, mlinzi wake mwanamke, na aliyeuvunja ni huyo huyo! Nishike lipi?

Basi mwanangu, sikwambii udharau mila. Ila ukiambiwa jambo fulani si la mwanamke, uliza: shida ikiingia, nani ataruhusiwa? Ukiona ruhusa inapatikana kwa koti tu, jua mikono yako ilitosha tangu mwanzo. Na ukija kuwa mama mkwe, usimfunge mwenzio vifungo ulivyofungwa wewe.

Mungu akupe ng'ombe wa maziwa, na watoto washibe mikononi mwako, ukiwa na gauni lako mwenyewe.