Ulimwengu Usio na Katikati

Jumatatu nilipanga foleni ya tiketi za basi hapa Iringa, nyuma ya mjane aliyekuwa akimsindikiza bintiye, mwalimu wa fizikia huko Mbeya. Jana yake walikuwa wameanua matanga ya baba.

"Mwanangu, huo ulimwengu mnaofundisha kuwa unatanuka, katikati yake ni wapi?"

"Hauna katikati, mama. Popote utakaposimama, utaona wengine wote wanakwenda mbali nawe."

Mama akakaza fundo la kitenge. "Kwa hiyo wewe ukiwa Mbeya unaona mimi ndiye ninayekuacha?"

Binti akafungua begi lake kutoa nauli.

Nami siku zote husema mama yangu anakaa mbali, kana kwamba yeye ndiye aliyehama.